Kisanduku cha Kumi na Saba

Jikoni kwetu, Fall River, usiku wa mwisho wa Januari,
theluji imeziba nusu ya dirisha
na mama amevaa miwani ya marehemu bibi,
maana yake aliikalia Jumapili.
Mezani: stakabadhi za mshahara, bili ya mafuta ya tanuri,
karatasi za kodi zenye doa la supu ya kabichi,
na kompyuta tuliyoazima maktaba,
inayotakiwa kurudi Ijumaa.

Mimi ndiye karani. Nasoma, natafsiri, naandika.
Mdogo wangu Nélio, anayeombewa shule,
amelala mdomo wazi, soksi moja mguuni.
Insha yake ameshaituma: maneno mia tatu
kuhusu saa za ukutani anazozifungua na kuzifunga.
Hakutaja ile moja iliyomshinda kuifunga.

Je, mna nyumba yenu? Hatuna.
Je, mna mashua, farasi, nyumba ya likizo?
Mama anacheka mpaka anashika ubavu.
"Andika farasi," anasema, "andika yumo bafuni."
Naandika sifuri. Sifuri. Sifuri.
Sijapata kuona sifuri zimekaa kwa adabu hivi,
kama viti vilivyopangwa kabla ya wageni.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na fomu hii inataka iwe kata:
inachota, inauliza, inachota tena.
Baba yuko wapi. Anatuma kiasi gani.
Kwa nini hatumi. Ambatisha uthibitisho.
Uthibitisho wa mtu asiyekuwepo ni upi?
Mama anavua miwani, anaifuta kwa pindo la aproni
muda mrefu kuliko kioo kinavyohitaji.
"Waambatishie koti lake. Lipo kabatini."

Kisanduku cha kumi na saba:
akiba zote, za kila mkazi, popote zilipo.

Kimya.
Kisha: "Hata ya kopo?"

Kopo la chewa wa chumvi, juu ya kabati,
dola mia sita na arobaini
za jiwe la kaburi la bibi,
ambalo mpaka leo ni kijiti chenye namba.
"Hizo si zetu," anasema mama. "Ni za bibi."
Kidole changu kinasubiri juu ya kitufe.
Tukizitaja, tumetajirika.
Tukizificha, mtoto anaanza shule kwa uongo.

Mama akapanda kiti. Akalishusha. Akahesabu,
zikatoka mia sita thelathini na nane.
"Andika hizo. Na zile mbili,
andika kwamba nilinunua mkate."

Zangu niliziandika bila kusoma kwa sauti:
elfu moja na mia moja, za kozi ya uuguzi
nitakayoanza mwakani.
Mwaka juzi pia ilikuwa mwakani.

Barua ilikuja Machi, barabara imejaa tope na chumvi.
Amepokelewa. Wanafurahi, waliandika, mara mbili.
Msaada ni mkubwa, na bado pengo:
elfu mbili na mia moja kila mwaka.

Mama hushona mapazia kiwandani,
senti tisini kwa kila pindo.
Akaigeuza barua, akaomba kalamu,
akakokotoa mgongoni mwake, midomo ikitembea:
mapindo elfu mbili mia tatu thelathini na nne.
Akayatazama kama mtu anayetazama ngazi
akiwa na kikapu cha nguo kichwani.
"Zinabaki senti sitini," akasema.

Nélio aliisoma barua amesimama,
akairudia, akaikunja palepale ilipokunjwa.
Hakuruka. Hakulia.
Aliuliza tu kama huko shuleni
kuna saa yoyote iliyosimama.