Zao

Ngamiani, barabara ya kumi na mbili,
Bi Mwanamkasi kanywa glukosi kwa mkupuo,
kanuna: "Chai ya wapi tamu hivi, haina hata iliki?"
Kila nusu saa namchoma kidole.
Tano. Kumi. Kumi na moja. Nane.
Usiku mstari wangu wa hesabu wapita
katika nukta zote kama uzi katika shanga.
Nikashangilia mapema.

Herufi mbili zimeshikana mikono:
kongosho linatoa kiasi gani,
misuli inasikia kiasi gani.
Naikuza hii, ile inanywea,
mstari hautikisiki hata kwa unywele.
Damu inanipa sita tu.
Mbili mara tatu? Moja mara sita?
Kongosho linalompigia kelele kiziwi,
au linalonong'ona kwa mwenye masikio?
Nichome vidole vyote kumi,
sita itabaki sita.

Asubuhi narudi na bomba la sindano, na barafu
ya kuitunzia insulini njiani.
"Jana hukuona?"
"Niliona zao, Bi. Wazazi wake sikuwaona."

Akapandisha mkono wa dera,
akageuza kiwiko.
"Leo basi uulize vizuri."