Safu ya Kigango

Fundi ameshang'oa kibao.
*Swabra Athman, Wakili*, kimeegemezwa chumbani,
herufi zikitazama ukuta
kama mtoto aliyeadhibiwa.
Chini, duka la mapangaboi linajaribu bidhaa,
na upepo wa kuuzwa unapanda ngazi,
unazichambua karatasi zangu kabla yangu.

Miaka kumi na miwili nimesimama mahakamani Malindi
nikisema Mheshimiwa, nikipewa tarehe,
tarehe juu ya tarehe,
mpaka nikahisi nafanya biashara ya kalenda.

Jumatatu naanza Nairobi, benki ya uwekezaji,
ghorofa ya kumi na nne, ngazi ya chini kabisa;
mkubwa wangu ni rika la mdogo wangu Fuad.
Waliniuliza kwenye usaili: kwa nini unaiacha sheria?
Nikajibu kitu kizuri chenye neno "ukuaji" ndani yake.
Sikuwatajia kielelezo namba thelathini na moja.

Ni mkataba wa mkopo, kurasa nne tu.
Nilikutana nao usiku, chai imeshaota ngozi:
shamba la Nyevu wa Kombe, kule Ganda,
tulilolipigania kwa vifungu na rejea,
lilikuwa limewekwa dhamana
miaka mitatu kabla sijavaa joho.
Dhamana. Neno lile lile
nililowaombea vijana wa Maweni
watoke rumande wakafuturu kwao,
huku limevaa suti,
limekaa mezani, limekwisha kula.
Hapo nikajua hukumu ilipikwa chumba kingine
na mimi nimepanga foleni kwenye mlango usio wake.

Nataka kukiingia chumba hicho.
Sitadanganya: na mshahara pia.

Mama anauliza habari ya riba.
Namwambia kuna sukuki, kuna kitengo kizima.
"Nimekuuliza riba, wanijibu vitengo,"
na mikono yake haiachi kukanda unga.

Jana Nyevu alikuja kuchukua faili lake.
Alibeba kopo la maziwa ya unga limejaa stakabadhi:
nauli, nakala, mihuri, ada ya mpimaji.
Nikamwambia, ngoja, nijifunzie kwako.
Nikafungua jedwali, zoezi walilonitumia:
pesa ya kesho, leo ni ngapi?
Nikatia bei ya ekari. Nikatia miaka iliyobaki, kwa kukisia.
Nikapunguza asilimia kumi na tatu kila mwaka.
Ushindi wake, hata tukiupata,
ukasinyaa mstari kwa mstari
mpaka ukawa pungufu ya kopo lile.

Nikamgeuzia kioo aone.
Alikitazama kwa adabu,
kama mtu anayeoneshwa picha ya mtoto wa jirani.
"Na kigango cha baba mkwe wangu," akasema,
"kimesimama mle shambani. Umekitia wapi?"

Nikaongeza safu. Nikaandika juu yake: *kigango*.
Chini yake kidole kikangoja.
Karani wangu, Mwadzombo, akajifanya anatafuta gundi.

"Huko uendako, wanaahirisha?"
"Hawaahirishi."
"Basi waulize wao."
Akafunga kopo, faili kwapani,
akashuka akishika ukuta kila kidato.

Joho nimempa Mwadzombo, anayesomea sheria usiku;
mabegani litampwaya kidogo.
Jedwali nimelihifadhi.
Kila nikilifungua, lanieleza kwa herufi nyekundu
kwamba kuna nafasi tupu,
kwamba jumla haipatikani,
na kwa upole wa mashine launiza
niifute safu au niiache.

Fundi amerudi, vumbi kwenye nyusi.
Anataka kujua kibao nitakihitaji
au akitafutie mteja. Ni mvule huu, asema,
haupati tena mbao kama hii.

Nasikia mdomo wangu ukimwuliza: bei gani?