Swali la Saba

Tangu Septemba meza ya jikoni si yangu tena.
Kila Jumanne na Alhamisi mke wangu Wiesława,
miaka sitini na mitatu, goti moja la chuma,
hupanda tramu ya saa kumi na moja jioni,
njia ileile niliyoiendesha mimi miaka ishirini na minane,
kwenda shule ya watu wazima nyuma ya zimamoto.

Hurudi na theluji mabegani
na maneno mapya mdomoni: mteremko, kipeuo, kigeu.
Huyatamka polepole, kama ajaribuye viatu dukani.
Mara ya kwanza nilicheka.
Hakunijibu. Alikata mkate,
akanipa ganda.

Alikuwa na miaka kumi na mitano
mama yake alipomtoa darasani, katikati ya sehemu,
akamtia kiwandani, mashine za kusokota, zamu ya usiku.
Kiwanda kikafa. Mashine zikauzwa kwa kilo.
Leo pale wanauza manukato,
naye hupita bila kugeuza shingo.

Jirani yetu Leszek akamkamata ngazini:
Mama, samaki hukunjwa angali mbichi.
Wiesława akaweka kikapu chini.
“Kule kwetu uzi ukikauka ulikatika.
Tukapuliza mvuke, kuta zikatoka jasho,
na uzi ukakubali.
Mimi ni uzi, bwana. Samaki labda wewe.”

Januari akafeli.
Thelathini na moja kwa mia.
Alifungulia bomba la bafuni nisimsikie,
nami nikasimama nje ya mlango na taulo,
sijui nalipeleka wapi.
Jumanne iliyofuata, saa kumi na moja kasoro tano,
alikuwa kituoni.

Jana usiku nilimkuta amelala juu ya daftari,
miwani imempanda kwenye nywele.
Swali la saba lilikuwa tupu.
Tramu mbili zinaondoka vituo viwili,
moja ina kasi hii, nyingine kasi ile,
zitapishana wapi?

Tramu! Nikavuta kiti.
Nikajua tayari kosa la mtunga swali:
hakuweka mzee anayekimbia na kifurushi,
hakuweka barafu kwenye reli,
wala dereva anayesubiri
kwa sababu ameona kwenye kioo
msichana wa kiwandani, nywele zimejaa pamba,
akipunga mkono.
Nilisubiri siku ile. Dakika mbili nzima.
Ndipo nilipompata.

Nikachonga penseli, nikapiga hesabu.
Tramu yangu ikafika kabla haijaondoka.
Nikafuta, lakini karatasi ni shahidi mbaya,
inaweka alama ya kila ulichokandamiza.

Asubuhi hakusema kitu.
Alimimina chai, akafunua ukurasa,
akapitisha kidole kwenye ule mfereji wa penseli,
halafu akanisogezea kiti, upande wa mwanga.
“Anza na muda,” akasema. “Kasi utaikuta njiani.”