Dakika Ishirini

Usiku wa Maulidi nimepata mapumziko,
mara ya kwanza kwa miaka sita.
Wengine wanasikia dufu likipashwa moto kule Gongoni,
mimi nasikia kitanda cha wodini kikisukumwa,
kile chenye gurudumu moja linalolia.

Nawajua wanaotuletea sikukuu.
Huja mtoto wa kanzu mpya, iliyonunuliwa kubwa "atakua nayo,"
kakanyaga pindo, kaangukia mtaroni.
Huja wa fataki, kiganja kakifumba,
hataki kukifumbua mbele ya babake.
Huja wa mafuta ya maandazi,
kapakwa dawa ya meno, nyeupe, inanukia mnanaa,
na mama yake kasimama pembeni akingoja nimsifu.

Basi tangu alasiri nimekuwa askari.
Kanzu ya Mrisho nimeikunja vidole vinne,
uzi mweusi kwenye nguo nyeupe, ndio uliokuwepo.
Kanuna; mdomo ule ungeweza kuutundikia kikapu.
Mtandio wa Kalunde nimeufunga nyuma
usiburute penye mshumaa, usinaswe na spoki.
Na mkoba wa shule wa mwaka juzi, uliochanika,
nimeukata ule utepe unaong'aa ukipigwa na mwanga,
nikamshonea kila mmoja kipande mgongoni,
upana wa kidole tu,
kwa sababu bodaboda wa Isevya
taa ya mbele kwao ni ahadi.

Reli mnavuka pamoja, mkono kwa mkono.
Msitegee sikio treni. Tazameni,
dufu litawaziba masikio.
Tende ya Sudi itolewe kokwa kwanza.
Na mkiitwa ndani ya nyumba msiyoijua?
Wakajibu kwa pamoja, sauti za kuchoka:
"Tunasema Mungu akuzidishie, tunapita."

Saa mbili wakatoka.
Vipande vinne vya mng'ao vikacheza gizani
kama vimulimuli wenye adabu,
vikakata kona ya mashine ya kusaga,
vikazimika.

Nikafagia. Nikasogeza ndoo ya mchanga.
Nikafagia tena.
Najijua: nikiogopa, hufagia.

Saa nne kasoro, hodi. Wote wanne.
Nikawahesabu mara mbili.
Magoti mazima, vidole arobaini,
vumbi la Septemba hadi kwenye nyusi,
Sudi kalala amesimama, halua imegandia shavuni.
Kwa furaha hiyo nikakimbilia pilau,
nikafunua sufuria bila kitambaa. Mimi!
Miaka kumi na minne ya kuwahubiria wenzangu.
Mvuke ukanishika mkono wote.

Nilisema neno ambalo watoto hawakupaswa kulisikia.

Mrisho akakimbilia dawa ya meno.
"Rudisha hiyo!"
Ni Kalunde, miaka tisa.
Keshasogeza beseni, keshachota maji ya mtungi,
ananivua bangili kabla mkono haujavimba
(nilimfundisha lini? Sikumbuki)
anamimina polepole, kata baada ya kata.
"Dakika ishirini, shangazi. Usitoe mkono."
Macho kayakaza kwenye saa ya ukutani.

Dakika ya nne nikasema, imetosha.
"Wewe mgonjwa," akanijibu. "Mgonjwa haamui."

Pilau ikaanza kuungua chini.
Sote tuliisikia harufu, hakuna aliyeinuka.
Dufu la Gongoni lilikuwa limenyamaza,
mbwa wa jirani naye kachoka kubweka,
maji tu, yakishuka kiwikoni,
na mgongo wa yule mtoto, akiinama na kuinuka,
na kile kipande cha utepe, kimeshonwa ovyo kwa uzi mweusi,
kikawa kinaushika mwanga wa taa,
kinauachia,
kinaushika.