Robo Saa

Mwezi wa Mei, hapa Rovaniemi, jua halina adabu.
Linaaga saa tano za usiku,
na kabla kiti chake hakijapoa limerudi,
limeegemea dirisha la chumba kidogo,
linamtekenya binti yangu kope.

Saa kumi na dakika arobaini.
Taimi yuko wima kitandani, meno yake sita nje,
ameshika fito kama mshitakiwa asiye na hatia,
ananitangazia kuwa kumekucha.
Namwambia: mama, hakujachwa, kutakuchaje?
Hajali. Ana miezi kumi na minne
na sarufi yake ina neno moja.

Kufikia saa moja nimekwisha kunywa kahawa ya tatu,
uji wa shayiri umegandia ukutani,
Hillevi amelala kwa jicho moja, la pili linanilaumu.
Mimi ni fundi kufuli. Wiki hiyo
nilimchongea mteja funguo tatu za mlango usio wake.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Kuopio:
"Mcheleweshe. Mchoshe hasa.
Mtoto aliyechoka hulala kama gogo."
Tukamchosha.
Tukamzungusha kando ya mto, tukamrusha juu, tukamdaka,
saa tatu, saa tatu na nusu, macho mekundu,
anacheka peke yake kile kicheko cha mlevi
kabla hajaanza kulia.
Akaamka saa kumi kamili.
Gogo, mama mkwe? Gogo halisimami.

Ni Mirjami wa ghorofa ya pili,
aliyelea mapacha jozi mbili na kuchoka na maneno,
aliyeniambia kwenye ngazi, mfuko wa taka mkononi:
"Mrudishe nyuma."
"Nyuma wapi?"
"Jioni. Alale mapema.
Uchovu ukipita kiasi haulali, huota miguu.
Robo saa. Ngoja siku tatu. Robo saa nyingine.
Na hilo dirisha lizibe."

Sikuamini. Nilipiga hesabu za muuza duka:
alalaye mapema ataamka mapema, basi, nini kingine?
Lakini mfa maji haulizi kamba ni ya nani.

Tukabandika foili kwenye kioo;
majirani wa ng'ambo wakadhani tunaoka mkate chumbani.
Saa mbili na robo. Saa mbili. Saa mbili kasorobo,
watoto wakubwa wangali wakipiga mpira uani,
jua liko juu kama adhuhuri ya Jumapili,
nasi tunanong'ona, tunatembea kwa soksi,
tunaiuza jioni yetu kwa rejareja.

Muujiza haukuwapo.
Siku ya nne: saa kumi na dakika hamsini.
Ya saba: kumi na moja na robo.
Ya nane jino likachomoza, tukarudi tulikotoka,
Hillevi akalia jikoni
akiosha chupa iliyokwisha oshwa.
Ya kumi na mbili, kumi na moja na nusu.
Tukatua saa moja na nusu ya jioni.
Kumbe usingizi wake ulikuwa umekaa hapo siku zote,
mlangoni, miguu umeinyoosha,
nasi tunauruka tukienda kuutafuta mbali.

Leo Jumanne.
Nimeamka saa kumi na dakika arobaini, mwenyewe,
mwili haujaambiwa kwamba kesi imekwisha.
Nimenyata hadi mlangoni, sikio kwenye mbao.
Pumzi. Pumzi.
Kisigino kimegonga ufito, kisha pumzi.
Sikufungua. Nimekaa sakafuni mwa korido
na kahawa moja, ya kwanza, ingali moto,
huko nje jua likiwaka bure
kama mgeni aliyekosea nyumba.

Saa kumi na mbili na dakika kumi, neno lake lile moja.
Nikasimama, magoti yakalia.
Ndiyo, mama. Sasa kumekucha.