Abiria wa Kumi na Mbili

Kishinau nilihesabu vichwa kumi na kimoja,
nikaandika daftarini, nikapuliza wino.
Behewa la sita ni langu: makaa, mashuka, birika la shaba,
na funguo ambazo marehemu mke wangu
alizionea wivu.

Mama wa chumba cha tisa aliagiza chai.
Glasi mbili. Sukari vipande sita.
Tiketi moja.
Sikuuliza. Kazi hii ni ya kuona na kumeza.

Ungheni, saa nane usiku, reli hubadili upana.
Hutuinua kwa jeki, behewa zima, watu wamo vitandani;
magurudumu ya huku huvutwa, ya kule husukumwa,
na kwa saa mbili tunaning'inia
kama koti kwenye msumari.
Hakuna ashukaye. Hakuna apandaye.
Aliyemo, yumo.

Ndipo mlango wa chumba cha tatu ukafunguka.
Koti la kijivu. Viatu safi mno kwa theluji ile.
Alipita akigonga milango kwa ukucha mmoja,
akanijia na upole wa daktari wa meno:
"Nimepoteza mtoto. Kimevaa kofia nyekundu."
Kisha, upesi:
"Amevaa."

Silabi moja tu iliteleza.
Nikaisikia ikianguka chini, kwenye vyuma.
Hivyo ndivyo watu hutaja kikapu,
kiti,
kitu kilicholipiwa nusu.

"Abiria wangu ni kumi na mmoja," nikasema,
nikamfungulia daftari. Wino haujui kusema uongo;
aliyeushika ndiye ajuaye.
Akasoma. Akatabasamu. Akabaki ukumbini, anavuta sigara.

Nilikwenda kuongeza makaa.
Kabati la mashuka, nilifungalo daima, lilikuwa wazi upana wa kidole.
Kati ya mito: macho mawili,
na mkono wa sweta umeng'atwa
ili kikohozi kisipate njia.
Nikafunga. Ufunguo nikautia mdomoni,
mpaka leo sijui kwa nini.

Yashi, alfajiri. Tulikuwa na magurudumu mapya.
Mama wa chumba cha tisa akashuka
amekumbatia blanketi lililoviringwa,
juu yake kofia nyekundu.
Alilibembeleza. Alilipangusa kamasi.
Hakunitazama hata mara moja, na hapo nikajua
ameniachia.

Koti la kijivu likamfuata, hatua ishirini nyuma.
Theluji ikawafunika wote wawili, bila upendeleo.

Kwenye orodha aliitwa Profira Cojocaru.
Kwenye mfuko wa miwani aliousahau, uzi wa bluu umeshona: Tasia.
Bibi yake? Mwizi aliyetubu?
Au mtu tu, aliyesikia kilio chooni pa stesheni
akashindwa kuendelea na safari yake?

Nilifungua kabati tulipopita Vaslui.
"Tumeshateremshwa?" akauliza.
Sauti kavu, ya mtoto wa miaka minne
aliyezoea kuuliza kwa kunong'ona.
"Bado," nikamwambia. "Kunywa chai."
Akanywa, akinitazama juu ya ukingo wa glasi
kama karani anayekagua stakabadhi.

Bukaresti, askari alinyosha kidole:
"Na huyu?"
Daftari lilisema kumi na mmoja.
Nyuma ya askari, kwenye jukwaa lenye tope,
nikaona jozi ya viatu safi.
Vyake, au vya mwingine; sikuinua macho.

"Wangu," nikasema,
nikamshikisha funguo zote, azichezee,
zipige kelele njia nzima hadi mlangoni.