Kasorobo

Babu alifungua geti saa moja kasorobo,
kila siku, hata Jumatatu ya Pasaka.
Ndiyo maana, tuliambiwa, Pasua nzima walimwita Mzee Kasorobo.
Shuleni tuliliitikia jina hilo vifua mbele:
wajukuu wa mtu anayejua saa.

Alishuka kutoka Ugweno na nyundo ya baba yake,
Zefania Mshana, mtoto wa wafua chuma,
akakuta Moshi haina haja ya jembe lake.
Majembe yalikuwa dukani, yamepangwa kama vijiko.
Basi akanunua vilivyokufa:
fremu za baiskeli, springi za Bedford,
pasi za mkaa zilizopoteza mdomo,
kitanda cha hospitali, miguu mitatu.
Chuma hakifi, alisema, kinachoka tu.
Alisema hivyo hata asipoulizwa.

Mwaka wa themanini na tatu, walanguzi wakisakwa,
Bibi Nakijwa alifukia shaba chini ya banda la kuku.
Askari wakaja, wakahesabu kuku.
Kumi na mmoja. Wakaondoka na wawili.
Shaba ilikaa ardhini misimu miwili ya mahindi,
ikatoka na kijani mwilini
kana kwamba nayo ilijaribu kuota.

Kuna mtoto alileta sufuria yenye ukoko,
ukoko bado una joto.
Babu akapima, akalipa.
Bibi akaifunga kwenye kanga, akatokea mlango wa nyuma
kumtafuta mwenye jiko.
Daftari la siku ile linasema: sufuria, moja.
Halisemi ilikokwenda.

Tulipokwisha kumzika, Baba akanunua mizani ya umeme.
Ile ya zamani, ya mawe na sahani mbili,
akaamua kuikata: chuma nayo, iende na wenzake.
Akaigeuza.
Chini ya sahani ya mawe, nati ya lori,
imechomelewa vizuri, kwa mkono tunaoujua,
ikapakwa masizi isionekane.

Baba alikaa juu ya injini ya Scania
tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri.
Kisha akaenda jikoni, nati mkononi, hakusema kitu.
Bibi alikuwa anachambua maharage.
Hakuinua macho.
"Kwani wewe ulidhani ni kwa ajili ya saa?"

Wote walijua.
Wasukuma mikokoteni wa Njoro, mafundi wa Majengo,
mjane wa Kiboriloni aliyeleta plau ya mumewe
akaishikilia kidogo kabla ya kuiweka kwenye sahani.
Walijua, wakaja, miaka ishirini na sita.
Nilimuuliza Mzee Ndemasi kwa nini.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Wengine walituibia nusu, binti.
Babu yako robo. Na chai juu."

Sasa mizani ni yangu, tarakimu zake nyekundu.
Sipokei reli. Sipokei mfuniko wa mtaro,
wala kibao cha barabara hata kikija kimekunjwa kama chapati.
Sufuria nachungulia ndani kwanza.
Upepo wa mlimani hupenda kurasa za daftari,
kwa hiyo nati ile inakaa juu yake.
Wateja huiona. Hakuna anayeuliza.

Jana, geti limefungwa, hakuna mtu,
niliiweka kwenye mizani.
Gramu mia mbili thelathini na nane.
Haikufika hata robo.
Nikasimama pale na gramu zangu kumi na mbili,
sijui ni za nani,
sijui nizirudishe wapi.

Asubuhi nimefungua saa moja kamili.
Mkokoteni wa kwanza ulikuwa umeshafika,
umejaa mabati na mlango wa friji,
na mwenye nao ameegemea ukuta, anapiga mswaki kwa kijiti.
"Kasorobo," akaniita,
"leo umelala?"